Arosto mahabusu: Kibiti na umbali wa Segerea

Kijana wa unga akikamatwa, watu humgawana kwa maneno. Mmoja atasema afadhali, akikaa ndani mwezi mzima itamtoka. Mwingine atadai huko ndani siku hizi wanapewa unga wa maji, tena na serikali yenyewe. Wa tatu atakumbusha kwamba huyu ni mgonjwa, na mgonjwa hapelekwi polisi. Mara nyingi ni mtu mmoja anayesema yote hayo kwa nyakati tofauti, kutegemea kama ameibiwa televisheni jana au kama aliyekamatwa leo ni mwanawe.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya mwaka 2015, inamhesabu mtumiaji kuwa mkosaji. Lakini mamlaka iliyozaliwa na sheria hiyo hiyo, DCEA, ina mkono katika mambo mawili: inatangaza shehena zilizonaswa na pia inashiriki kupanua huduma ya methadoni, ule "unga wa maji" unaotibu uraibu wa heroini. Mtazamaji aliyemwona Kamishna Jenerali kwenye taarifa ya habari amesimama mbele ya viroba vya heroini hategemei kumsikia wiki inayofuata akizungumzia tiba ya waraibu. Basi kila mtu anabeba nusu anayoipenda.

Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye uraibu wa heroini akiwekwa mahabusu au akifungwa, afanyiwe nini? Hapa linatazamwa kutoka Kibiti na delta ya Rufiji, mahali ambapo halizungumzwi sana, kwa sababu majibu yanayoonekana mepesi Dar es Salaam hubadilika sura yakishavuka Mkuranga.

Unga na mikoko

Heroini inayouzwa Afrika Mashariki hutoka Afghanistan. Husafirishwa hadi pwani ya Makran, kwenye mwambao wa Iran na Pakistan, ikapakiwa kwenye majahazi na kushushwa kusini. Jahazi halihitaji bandari. Husimama mbali na nchi kavu, boti ndogo zikaufuata mzigo. Mwambao unaofaa kazi hiyo ni mrefu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na katikati yake ipo delta ya Rufiji: takribani hekta 53,000 za mikoko iliyokatwakatwa na vijito vinavyojaa na kukauka kwa saa za maji. Vijito hivyo viliwahi kuificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, kuanzia mwaka 1914 hadi Waingereza walipoiangamiza Julai 1915. Palipositiriwa manowari hapashindwi kusitiri boti ya faiba.

Hata hivyo, kupita si kukaa. Heroini huacha waraibu pale inapogawanywa kete na kuuzwa rejareja, na kazi hiyo hufanyika zaidi mijini. Ndiyo maana vijiwe vya mateja vilijulikana mapema Kinondoni, Temeke, Unguja na Tanga, mahali penye wateja wengi. Kwa Kibiti, barabara ni hatari kuliko mikoko. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi inapita katikati ya wilaya, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 kwenye Mto Rufiji, safari iliyokuwa ya kusubiri kivuko imekuwa ya saa chache. Kijana wa Bungu au Jaribu Mpakani anaweza kwenda Mbagala kutafuta maisha na kurudi na uraibu alioupata hukohuko. Waraibu wa namna hii ni wachache ukilinganisha na wa Dar, nao wametawanyika. Jambo hilo linaonekana kama nafuu, lakini kwa mpangaji wa huduma ni mzigo, kama itakavyoonekana mbele.

Desemba 2023 DCEA ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Tarakimu kama hizo ndizo zinazotawala mazungumzo yetu kuhusu dawa za kulevya. Mganga wa zahanati aliyeletewa usiku mahabusu mmoja anayetapika hazimsaidii chochote.

Kibiti ina la ziada. Kati ya 2015 na 2017 eneo hili lilipita katika mauaji ya viongozi wa vijiji na ya askari. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa katika tukio moja, na mwaka huohuo Rufiji ikafanywa kanda maalumu ya kipolisi. Jamii iliyotoka kwenye kipindi hicho haikimbilii kueleza siri za mtoto wake kwenye kaunta ya kituo cha polisi. Hilo lina uzito katika mada yetu kwa sababu tiba yoyote ya arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, ndani ya mahabusu huanza na mtu kumwambia askari kwamba anatumia.

Ratiba ya mwili na ratiba ya sheria

Mtumiaji wa kila siku huanza kusikia arosto saa 6 hadi 12 tangu avute au ajidunge mara ya mwisho. Huanza na miayo, kamasi, machozi na jasho, vinyweleo husimama. Kisha mifupa huuma, tumbo hukata, kutapika na kuharisha hufuatana, usingizi hupotea kabisa. Kilele ni siku ya pili na ya tatu. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo mwili hutulia, ingawa hamu hubaki kwa miezi.

Sasa iweke ratiba hiyo kando ya ile ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mtuhumiwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, na muda wa msingi wa polisi kumhoji ni saa nne. Aliyekamatwa saa mbili usiku, kufikia saa nane usiku ameanza kupiga miayo. Asubuhi anatapika, na asubuhi hiyo ndipo anapoitwa kuandika maelezo ya onyo. Mtu aliye katika hali hiyo atasaini karatasi yoyote itakayomtoa chumbani. Wakili makini atahoji kama maelezo hayo yalitolewa kwa hiari, lakini mahabusu wengi wa aina hii hawana wakili. Kwa hiyo arosto isiyotibiwa inaharibu ushahidi pia, na hii ni hoja ambayo wapelelezi wenyewe wangepaswa kuwa wa kwanza kuitoa.

Aliyekamatiwa kwenye visiwa vya delta, tuseme Msala au Mbwera, hali yake ni ngumu zaidi. Boti inasubiri maji. Kutoka Nyamisati bado kuna safari ya gari hadi Bungu, kwenye barabara kuu, kabla ya kufika Kibiti. Masika yakichachamaa, kama yalivyochachamaa Aprili 2024 mafuriko yalipoyafunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, hata "mapema iwezekanavyo" hupoteza maana.

Husemwa kwamba arosto ya heroini haiui. Kwa kijana mwenye afya, maji ya kunywa na mtu wa kumwangalia, maneno hayo yako karibu na ukweli, na ndiyo maana yanadanganya. Katika chumba chenye joto na ndoo moja, mtu anayetapika na kuharisha siku tatu anaweza kufa kwa kukauka maji. Wapo wanaojinyonga. Wapo waliokuwa wakichanganya unga na pombe au vidonge vya usingizi, na arosto ya vitu hivyo huja na kifafa kinachoua. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Na katika ukanda wenye malaria kama huu kuna mtego wake: homa, jasho, maumivu ya viungo na kutapika ni dalili za malaria vilevile. Askari anayesema "huyo anasingizia, ni arosto tu" anaweza kuwa anamwangalia mgonjwa wa malaria kali.

"Mwache, itapita"

Msimamo wa kwanza, na ndio unaotumika zaidi kwa vitendo, ni kumwacha. Una nguvu zake na si haki kuudharau. Haugharimu kitu. Unamtoa kijana kwenye kijiwe, mbali na muuzaji na marafiki. Familia iliyochoka kuibiwa masufuria inapata kupumua. Wako pia watu walioacha unga kwa njia hii hasa, wakatoka jela na kubaki wazima, na ushuhuda wao ndio unaosikika kwa sababu wao ndio waliobaki kuutoa.

Udhaifu wake mkubwa ni kuchukua arosto kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Arosto huisha kwa wiki moja. Uraibu ni ile hali ya kurudia, na hauishi kwa kufungiwa. Pwani ya Kenya ilipata somo bila kulitafuta mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, unga ulipoadimika ghafla. Miji mizima ikaingia arosto kwa pamoja. Ingekuwa kukosa ni kupona, Mombasa na Malindi zingetoka hapo bila mateja. Kilichotokea ni watu kukimbilia vidonge na pombe, na heroini iliporudi wakairudia, wengine kwa kipimo kilekile cha zamani ambacho miili yao haikukiweza tena.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Mwili unaotumia kila siku hujenga ustahimilivu. Ukikaa wiki kadhaa bila unga, ustahimilivu huo huisha. Kete aliyokuwa akiimudu Januari inaweza kumzuia kupumua Machi. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu waliotoka gerezani kati ya 1999 na 2003. Walikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza uraiani hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo. Gereza lililomwacha "asafike" linakuwa limemwandaa kufa kwa kipimo kidogo.

Kuna njia ya kati: kutibu dalili bila kutibu uraibu. Maji ya chumvichumvi, dawa ya kuzuia kuharisha, ya kutapika, ya maumivu, na pengine diazepamu kwa siku chache chini ya uangalizi. Zahanati yoyote ya serikali inaweza kuifanya. Haibadilishi lolote kuhusu siku ya kutoka, lakini inazuia kifo cha kipumbavu ndani ya saa 72, na hakuna sababu ya kituo chochote cha polisi kuikosa.

Kikombe cha Segerea

Msimamo wa pili ni methadoni. Tanzania ilianza mapema kuliko majirani. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua huduma hiyo, ya kwanza ya umma kwa upande wa bara katika Afrika kusini mwa Sahara. Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke, na mwaka 2015 Zanzibar ikafungua yake Kidongo Chekundu. Mikoa mingine ilijiunga baadaye. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 huko Mathari, Nairobi. Msukumo mkubwa ulikuwa VVU: tafiti za Dar es Salaam zilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanaojidunga walikuwa na virusi, kiwango cha mara kadhaa ya kile cha jamii kwa jumla.

Methadoni ni ya jamii moja na heroini, na hilo halina haja ya kufichwa. Tofauti iko katika mwendo. Heroini hupanda kwa dakika na kuporomoka kwa saa. Methadoni hupanda taratibu na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo dozi moja humshikilia mtu bila kumlewesha wala kumtia arosto. Hutolewa kwa maji, mbele ya muuguzi. Mgonjwa anapokea kikombe, anameza, anakunywa maji juu yake, kisha anatakiwa kusema neno ili ihakikishwe kwamba hakuficha kitu mdomoni. Anaenda zake, anarudi kesho.

Je, inawezekana gerezani? Inawezekana. Gereza la Segerea, Dar es Salaam, lina kliniki ya methadoni, na Mombasa Gereza la Shimo la Tewa lina yake. Kwa wanaosema jambo hili ni la Wazungu, Iran imekuwa ikitoa methadoni magerezani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi inayoongozwa na wanazuoni wa dini na yenye sheria kali za dawa za kulevya kupita zetu. Hoja ya kwamba methadoni ni kubadilishana kilevi kwa kilevi inasikika sana kwenye vibaraza vya pwani hii ya Waislamu, na haipaswi kupuuzwa kwa kejeli. Jibu lake ni hali ya mtu mwenyewe: anayekunywa dozi iliyopimwa vizuri anafanya kazi, anaswali, anakaa na watoto wake. Zanzibar imelipima hilo kwa vitendo.

Ushahidi wa tiba hii gerezani ni mzito kuliko wa njia nyingine yoyote. Huko Rhode Island, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa kwa bahati nasibu wafungwa waliokuwa tayari kwenye methadoni: baadhi waliendelea, wengine walipunguziwa hadi sifuri kama ilivyokuwa desturi. Walioendelea walikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao katika kurudi kliniki ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kutoka. Jimbo hilo lilipoanza mwaka 2016 kutoa tiba kwa wafungwa wote wenye uhitaji, vifo vya kuzidisha dawa miongoni mwa waliotoka jela hivi karibuni vilishuka kwa asilimia 61 ukilinganisha nusu ya kwanza ya mwaka huo na ya 2017.

Lakini methadoni ina gharama ambazo watetezi wake huzipitia haraka. Ya kwanza ni kamba. Ikikatwa ghafla, arosto yake huanza kwa kuchelewa, siku moja hadi tatu, kisha hudumu wiki kadhaa, ndefu kuliko ya heroini. Maana yake ni kwamba kijana aliyefuata ushauri wa serikali, akajiunga na kliniki, akaacha kujidunga, akikamatwa na kuwekwa mahali pasipo na methadoni atateseka kwa muda mrefu kuliko mwenzake ambaye hakuwahi kujiunga. Hakuna tangazo baya zaidi kwa kliniki kuliko hilo, na habari za namna hiyo hufika vijiweni haraka.

Ya pili ni utaalamu. Mtu mpya huanzishwa kwa miligramu 20 hadi 30 na kupandishwa taratibu kwa wiki, kwa sababu methadoni hujikusanya mwilini na haraka ya daktari inaweza kumuua mgonjwa siku ya tatu au ya nne. Aliyezoea miligramu 100 akikosa siku kadhaa mfululizo, kumrudishia 100 ni hatari; lazima ashushwe. Kisha kuna kifua kikuu, ambacho magereza hayakikosi. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huifanya methadoni iishe mwilini haraka, na mgonjwa huingia arosto huku akinywa dozi yake kila siku. Asiyejua atamwita mwongo. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya hivyohivyo, na kupungua kwa matumizi yake nchini baada ya kuja dolutegraviri kumerahisisha jambo hili kidogo.

Ya tatu ni fedha. Huduma hii ilijengwa kwa sehemu kubwa na pesa za Marekani za kupambana na UKIMWI, na amri ya Januari 2025 ya kusimamisha misaada ya nje ilionyesha jinsi kikombe cha kila asubuhi kinavyoweza kutegemea sahihi ya mtu aliye mbali. Watu wanaolindwa na dawa moja kwa siku hawana akiba ya wiki mbili za mashauriano ya kisera.

Asiingie kabisa

Wapo wanaosema tunabishana kuhusu chumba kisichopaswa kuwa na mtu. Mtumiaji asiyemdhuru mwingine apelekwe tiba, si mahabusu. Wengi wa wanaoletwa, hoja inaendelea, hawakamatwi na kilo wala gramu. Hukamatwa kwa uzururaji na kutokuwa na kazi inayojulikana, makosa ya vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo vina harufu ya ukoloni, au kwa kuokotwa kijiweni katika operesheni.

Kimantiki huu ndio msimamo safi kuliko yote, na kwa makosa hayo madogo ni vigumu kuupinga. Ugumu unaanza pale aliyekamatwa alipovunja duka la mtu. Mwenye duka naye ana haki, na hakimu hawezi kumwambia kwamba mwizi wake ni mgonjwa, basi arudi nyumbani. Pili, apelekwe wapi? Nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba, zimewasaidia wengi, Zanzibar hasa. Lakini hutoza ada ya kila mwezi, nyingi ziko mijini, na ubora wake hautabiriki. Mvuvi wa Kiongoroni hawezi kumlipia mwanawe miezi minne. Tatu, kumpa askari wa doria uamuzi wa nani ni mgonjwa na nani ni mhalifu ni kufungua dirisha la rushwa. Anayejua mazingira ya operesheni za mitaani hataona hofu hiyo kuwa ya kubuni.

Wengine hutaja sindano za mwezi mmoja. Buprenofini ya kuchoma inapunguza kazi ya kila siku na ni vigumu kuiba. Naltreksoni haina ulevi wowote, hivyo huwapendeza wenye shaka ya kidini. Ya kwanza ni ghali mno kwa bajeti zetu. Ya pili hudai mtu awe amekaa bila unga siku saba hadi kumi kabla ya kuchomwa, la sivyo humtupa kwenye arosto kali papo hapo, na nguvu yake ikiisha ustahimilivu umekwisha pia. Kwa sasa si jibu la Kibiti.

Hesabu ya Kibiti

Tuchukue basi kwamba methadoni ndiyo tiba yenye ushahidi mzito, na kwamba baadhi ya waraibu wataendelea kuingia mahabusu kwa makosa halisi. Kwa Dar es Salaam jibu linajileta: kliniki iko Segerea, mahabusu wako Segerea. Kutoka Kibiti hadi Temeke ni takribani kilometa 140, na hadi Segerea ni zaidi.

Njia moja ni kuwahamishia Segerea wote wanaohitaji. Kitabibu ni salama. Kisheria na kibinadamu ni ghali. Kesi iko mahakama ya Kibiti, kwa hiyo kila inapotajwa lazima gari, mafuta na askari wa kusindikiza. Gari likikosekana, kesi inaahirishwa na mtu anazidi kukaa ndani. Mama anayetoka Mbwera hawezi kumfuata mwanawe Dar kwa ndoo ya chakula na sabuni. Na mdhamini, ambaye ndiye njia halisi ya kutoka, yuko kijijini. Mtu anaweza kupata dozi yake na kupoteza dhamana yake.

Njia nyingine ni kliniki kamili katika kila gereza la wilaya. Hapa ndipo uchache na mtawanyiko wa waraibu unapouma: kliniki inahitaji daktari aliyefunzwa, mfamasia, sefu, kumbukumbu, mshauri nasaha. Kuvifunga vyote hivyo mahali penye wagonjwa watatu mwezi huu na mmoja mwezi ujao ni kuwanyima wengine mamia wa Mbagala. Hakuna mganga mkuu wa mkoa atakayeikubali hesabu hiyo, na atakuwa sahihi.

Njia ya tatu ni dozi kumfuata mtu. Kliniki mama inabaki na uamuzi wa kitabibu. Kituo cha afya cha Kibiti au hospitali ya Mchukwi inapokea dozi zilizopimwa za siku chache kwa jina la mgonjwa, na muuguzi mmoja aliyefunzwa anazitoa kikombe kwa kikombe. Hakuna jipya hapo. Wagonjwa wa kifua kikuu humezeshwa dawa mbele ya msimamizi tangu miaka ya 1970, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road imekuwa ikisambaza morfini ya maji kwa hospitali za mikoani bila nchi kugeuka ya mateja. Kama morfini inaweza kusafiri kwa mgonjwa wa saratani, methadoni inaweza kusafiri kwa mahabusu. Hatari ya kuuzwa ndani ipo, na njia ya kuipunguza ni ileile ya kliniki: kumeza, maji, kuongea, tena kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa uzani wangu, hii ya tatu ndiyo inayoifaa Kibiti, lakini kwa masharti yanayoipunguza ukubwa. Iwe kwanza kwa wale ambao tayari wako kwenye methadoni. Hao wana faida ya muda: dozi ya jana bado inawashikilia kwa siku moja au zaidi, kwa hiyo simu moja kutoka kituoni kwenda kliniki yao ndani ya saa 24 inatosha kuthibitisha kipimo na siku ya mwisho kunywa. Kwa anayetumia unga na hajawahi kuanza tiba, si busara kumwanzishia methadoni kwenye seli ya polisi bila mtaalamu. Huyo apewe dawa za dalili, apimwe malaria, anyweshwe maji, aangaliwe usiku, na akipelekwa rumande kwa muda mrefu ndipo uhamisho wa Segerea upimwe. Mjamzito asisubiri utaratibu huu; apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye mlango wa kutokea, na hapo magereza yetu yana tatizo ambalo Rhode Island haiwezi kutufundisha. Mahabusu wengi hawatoki kwa tarehe inayojulikana. Mdhamini amepatikana, shahidi hakuja, upande wa mashtaka umeondoa kesi: mtu aliyetoka gerezani asubuhi na vitu vyake vimebaki ndani, mchana yuko huru nje ya mahakama, akiwa na nauli ya kufika Mbagala na ustahimilivu sifuri. Mpango wa kumtoa unaosubiri siku ya kutoka hautamkuta. Lazima uandikwe siku ya kuingia: kadi yenye jina la kliniki na kipimo, ndugu mmoja aliyeambiwa waziwazi kwamba kipimo cha zamani sasa kinaua, na pale itakapopatikana, naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha.

Nani alipe? Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa 2015, zinasema kwenye kanuni ya 24 kwamba mfungwa apate huduma za afya za kiwango kilekile cha uraiani, na zinataja uraibu kwa jina, pamoja na VVU na kifua kikuu, katika magonjwa ambayo matibabu yake hayapaswi kukatika mtu anapoingia au kutoka. Kwetu, seli ni ya Jeshi la Polisi, gereza ni la Jeshi la Magereza, muuguzi ni wa halmashauri na dawa inasimamiwa na upande wa afya. Kikombe kimoja kinapita kwenye bajeti nne, na mafuta ya gari hayamo katika yoyote kati ya hizo kwa jina lake.

Linabaki jambo moja ambalo pesa haziwezi kulitatua. Ili askari apige ile simu ya kliniki, kijana lazima aseme anatumia, na kutumia ni kosa. Akisema, maneno yake yanaweza kuandikwa upande wa pili wa karatasi kama ushahidi. Waraka mmoja wa Mkurugenzi wa Mashtaka na Inspekta Jenerali, kwamba alichosema mahabusu kuhusu afya yake wakati wa kupokelewa hakitatumika kumshtaki, ungegharimu wino tu. Usipotoka, wenye kuhitaji kikombe hicho Kibiti wataendelea kukaa kimya hadi saa nane za usiku.